Mwalimu Aliyepotewa na Sauti

Sisi tunaofundisha huona fahari ukumbi unapofurika. Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus huko Uajemi mwaka 1058, aliijua fahari hiyo. Mnamo 1091 alipewa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, akawa na wanafunzi wapatao 300. Mwaka 1095 ulimi wake ulikataa kutamka. Chakula hakikushuka, matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni.

Kwa takriban miezi sita alikuwa akivutana na nafsi yake, kwani alikwisha tambua kwamba alifundisha kwa kutaka jaha, si kwa ajili ya Mungu. Ukiri mzito huo, hasa kwa mwanachuoni! Akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha wanawe, akaaga kana kwamba anakwenda Makka, kumbe nia yake ni Sham. Huko Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa, akiihesabu nafsi. Toba, subira, shukrani na tawakuli alivifafanua katika Ihya Ulum al-Din.

Mwaka 1106 alirejea kufundisha, Nishapur. Alifariki kwao Tus mwaka 1111.