Satyajit Ray: filamu ya kijiji iliyonusurika moto

Ukitaja filamu ya Kihindi kwa wasikilizaji wetu, wengi watakumbuka nyimbo, mvua, mapigano na harusi. Wazee wa pwani watakutajia Awara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyojaza kumbi za sinema tangu miaka ya hamsini. Hizo zilitoka Bombay. Mtu tunayemzungumzia leo hakuwa wa huko. Satyajit Ray aliishi Calcutta, mji ambao sasa unaitwa Kolkata, upande wa mashariki mwa India, na filamu yake ya kwanza inahusu familia maskini kijijini. Humo hakuna anayecheza dansi wala anayepigana. Kuna bibi kizee, kuna binti mdokozi wa mapera, kuna mvulana mwenye macho makubwa.

Filamu hiyo nusura ishindikane kutengenezwa kwa kukosa pesa. Miaka mingi baadaye, mwenyewe akiwa ameshafariki, nusura ipotee kwa moto. Leo mtu anaweza kuitazama sebuleni kwake ikiwa safi, na simulizi ya jinsi ilivyofika hapo inaanza na maisha ya mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1921 katika ukoo wa watu wa vitabu. Babu yake, Upendrakishore, alikuwa mwandishi, mchoraji na mpiga chapa, tena alianzisha jarida la watoto mwaka 1913. Baba yake, Sukumar, aliandika mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Kibengali wanayasoma mpaka leo. Lakini Sukumar alifariki mwaka 1923, mwanawe hajatimiza hata miaka mitatu. Biashara ya uchapaji ikafilisika, nyumba ikaondoka, na mama mtu, Suprabha, akahamia na mtoto kwa kaka yake. Akawa anafundisha ushonaji ili mtoto asome. Ray alilelewa kwa mjomba, kama wengi tunaowajua.

Alisoma chuo Calcutta, kisha kwa kumridhisha mama yake akaenda kujifunza uchoraji Santiniketan, kwenye chuo alichokianzisha mshairi Rabindranath Tagore. Mwaka 1943 aliajiriwa na kampuni ya matangazo ya Waingereza akiwa mchoraji wa daraja la chini, kwa mshahara wa rupia 80 kwa mwezi. Alikuwa pandikizi la mtu, urefu futi 6 na inchi 4, mwenye sauti nzito. Mchana alichora matangazo ya biashara, na pembeni akachora majalada ya vitabu.

Kitabu kimoja kati ya hivyo kilimbadilisha. Kilikuwa toleo fupi la watoto la riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay iitwayo Pather Panchali, jina linalohusu wimbo wa njia ndogo ya kijijini. Ray alipewa kazi ya kuchora picha za ndani, na picha zile hazikumtoka tena akilini. Mwaka 1947, pamoja na wenzake, alianzisha chama cha wapenda filamu mjini Calcutta. Mwaka 1949 mwongozaji Mfaransa Jean Renoir alifika kutafuta mahali pa kupigia filamu yake, na Ray akawa anamzungusha vijijini siku zake za mapumziko. Mwaka huohuo alimwoa Bijoya.

Mwaka 1950 ofisi ikampeleka London kwa miezi michache. Huko alitazama karibu filamu 100. Moja ilitoka Italia, ya Vittorio De Sica, kuhusu mwanamume aliyeibiwa baiskeli, na bila baiskeli hana kazi. Kijana yeyote wa bodaboda ataielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa. Watu waliocheza hawakuwa waigizaji wa kazi, na picha zilipigwa mitaani. Ray alitoka ukumbini akiwa ameshaamua. Kwenye meli ya kurudi nyumbani akaanza kuandaa filamu yake.

Tatizo likawa pesa. Wafadhili walisikiliza hadithi isiyo na nyimbo wala nyota, wakamwonyesha mlango. Basi akakopa kwa kuweka rehani bima yake ya maisha, akakusanya marafiki. Mpigapicha, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kushika kamera ya filamu. Mvulana aliyecheza Apu hakuwa mwigizaji. Bibi kizee, Chunibala Devi, alikuwa na umri wa karibu miaka 80. Aliwahi kuigiza zamani, akaachwa, naye alikubali kwa rupia 20 kwa siku.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1952. Walikwenda kwenye uwanda wa majani marefu yenye maua meupe kama pamba, kupiga sehemu ambayo Apu na dada yake Durga wanaliona gari moshi. Walifanya kazi siku nzima na hawakumaliza. Kwa kuwa Ray alikuwa bado ameajiriwa, walirudi baada ya juma moja, siku ya mapumziko. Walikuta uwanda mtupu. Ng'ombe walikuwa wamekula maua yote. Mkulima aliyewahi kuamka asubuhi akakuta mifugo imepita shambani anaweza kumhurumia. Majani yale huchanua kwa msimu, kwa hiyo ilibidi wasubiri mwaka mzima.

Sehemu kubwa iliyobaki walipiga katika kijiji cha Boral, si mbali na Calcutta, kwenye nyumba chakavu waliyoikodi. Fedha zilipatikana, zikaisha, kazi ikasimama kwa miezi mingi. Ray akauza santuri zake. Bijoya akatoa vito vyake vya dhahabu vikawekwa rehani. Hapo ndipo mimi humsimamisha msikilizaji kidogo, maana tunapozungumza kuhusu mtu mashuhuri, dhahabu ya mke huwa haitajwi. Wakati huo wote hofu ya Ray ilikuwa mambo matatu: mvulana asivunje sauti, msichana asikue ghafla, na bibi asifariki kabla ya kumaliza.

Mwishowe mama yake alipitia kwa rafiki aliyefahamiana na Bidhan Chandra Roy, kiongozi wa serikali ya jimbo la Bengal Magharibi. Serikali ikakubali kulipia. Kwa sababu jina la filamu lilitaja njia, fedha zile ziliingizwa kwenye vitabu kama za kuboresha barabara. Serikalini walitamani mwisho wake ubadilishwe, familia isaidiwe na mpango wa maendeleo vijijini. Ray alikataa. Kwenye riwaya familia inahama, na kwenye filamu ikahama.

Muziki ulipigwa na Ravi Shankar, bingwa wa sitar, katika kikao kimoja cha karibu saa 11, kwa kuwa hakuwa na muda mwingine. Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo niruhusu nikae hapa. Kuna mahali baba anarudi safarini na zawadi, hajui kwamba Durga amefariki. Anamtolea mkewe sari aliyomnunulia binti. Mama anashindwa kujizuia, anafungua mdomo kulia, na sauti yake haisikiki. Badala yake inalia ala ya nyuzi inayoitwa tar-shehnai, kali na ya juu. Nimefanya vipindi vya misiba mara nyingi na kila mara sisi huweka kilio chenyewe, tukidhani ndicho kinachogusa. Baada ya kuiona sehemu ile nimeanza kuwa na mashaka.

Filamu ilionyeshwa kwanza New York, katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa, mwezi Mei 1955, kisha Calcutta mwezi Agosti. Chunibala hakuwahi siku hiyo. Alifariki kabla, ila Ray alikuwa ameipeleka filamu nyumbani kwake akaiona. Mwaka 1956 ikapata tuzo Cannes, Ufaransa. Ray akaacha kazi ya matangazo. Akaendelea na maisha ya Apu katika filamu mbili zaidi, Aparajito na Apur Sansar, na ya pili kati ya zote tatu ikachukua tuzo kuu ya Venice mwaka 1957.

Kwa miaka iliyofuata alitengeneza zaidi ya filamu 30, ndefu na fupi. Aliandika mwenyewe, akachora mavazi na mabango, na kuanzia mwaka 1961 akatunga muziki mwenyewe. Alifufua lile jarida la babu yake na kuandika humo hadithi za mpelelezi Feluda ambazo watoto walizigombania. Si wote waliompenda. Nargis, yuleyule wa Awara, akiwa mbunge mwaka 1980 alimshutumu kwamba anauza umaskini wa India kwa wageni. Shutuma hiyo tunaijua hata huku, kila mtu anapopiga picha ya nyumba ya nyasi. Kwa maoni yangu haimfai Ray, kwa sababu watu wake wa kijijini hawamwombi mtazamaji kitu. Wanaiba mapera, wanagombana, wanacheka, wanamkimbilia muuza pipi ingawa hawana senti.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1983. Mapema mwaka 1992 Chuo cha Filamu cha Marekani kilimpa tuzo ya Oscar ya heshima, akaipokea akiwa kitandani hospitalini Calcutta. Alifariki tarehe 23 Aprili mwaka huo.

Wakati wa maandalizi ya tuzo ile ndipo ilipogundulika kwamba kopi nzuri za filamu zake hazipatikani. Hapa inafaa kueleza jambo. Filamu ya zamani hupigwa kwenye mkanda, na mkanda ule wa kwanza huitwa negativu. Negativu ni mbegu, kopi za kwenye kumbi ni mavuno. Mavuno yakiliwa unaweza kupanda tena, lakini mbegu ikioza ndiyo basi. Negativu za Ray zilikuwa zimeharibiwa na joto, unyevu na matumizi. Ikaamuliwa zipelekwe London, kwenye maabara ya Hendersons, zitengenezwe.

Mwezi Julai 1993 maabara hiyo ikaungua. Mikanda ya zamani ya naitreti huwaka kwa kasi ya kutisha, na moto ule uliteketeza filamu nyingi. Negativu za filamu tatu za Apu zilikuwemo.

Makopo yaliyofukuliwa kwenye majivu yalikuwa na vipande vilivyoyeyuka kingo, vilivyojikunja na kukauka kama magamba. Wakati huo hakukuwa na mashine wala ufundi wa kuvirudisha, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuvitupa bila kulaumiwa. Chuo cha Filamu cha Marekani hakikuvitupa. Kilikusanya kila kilichobaki, kikakifunga, kikakiweka kwenye hifadhi yake, na vipande vikakaa humo miaka 20 hivi. Kituo kimoja nilichojifunzia kazi kilikuwa kinarekodi juu ya kanda za zamani ili kuokoa gharama. Sauti za wazee niliowahoji mwaka wangu wa kwanza zilikwenda hivyo, na kanda zenyewe zilikuwa nzima.

Kampuni ya Criterion ya Marekani, inayotoa filamu za zamani kwenye diski, ndiyo iliyoomba vipande vile vitazamwe upya. Vilipelekwa Bologna, Italia, kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata. Mafundi walivilainisha kwa dawa ili visivunjike, wakaondoa gundi na utepe wa zamani, wakatengeneza upya matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya mashine. Kazi ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000. Asilimia 40 ya negativu ya Pather Panchali ilifaa kutumika, na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito. Pengo lililobaki, pamoja na filamu yote ya tatu, lilijazwa kwa mikanda mingine iliyokutwa kwenye hifadhi za Marekani na Uingereza. Kisha yote ikasomwa kwa kompyuta na kusafishwa.

Mwezi Mei 2015, miaka 60 baada ya ile mara ya kwanza, Pather Panchali ikaonyeshwa tena kwenye jumba lilelile la New York. Novemba mwaka huo zikatoka diski za filamu zote tatu kwa ajili ya kutazamia nyumbani.

Diski hizo sijaziona kwenye mabanda yetu ya video, na ukitaka kuitazama kwenye simu uhesabu bando lako, maana inachukua saa 2 na dakika chache. Kopi chafu za zamani bado zinazunguka. Ukiona mikwaruzo inanyesha kama mvua na sauti inakoroma, hiyo siyo iliyotengenezwa Bologna. Lugha ni Kibengali, na tafsiri huwa imeandikwa chini ya picha. Asiyesoma Kiingereza asiogope. Mpwa wangu wa miaka tisa aliitazama na mimi bila kusoma neno, akaniuliza swali moja tu, kama yule bibi alikuwa amelala kweli.

Sehemu ya gari moshi inakuja karibu na katikati. Durga anaweka sikio kwenye nguzo ya chuma inayovuma, Apu naye anamwiga. Wanakaa kwenye majani wakitafuna miwa. Kisha Durga anainua kichwa, moshi mweusi unatokea juu ya maua meupe, na watoto wanaanza kukimbia.