Bruce McKenzie: Safari ya Entebbe isiyofika Nairobi

Alinusurika Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa rubani wa kivita, kisha akafia angani wakati wa amani. Bruce McKenzie, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1919, alihamia Kenya baada ya vita, akawa mkulima, akajiunga na KANU na kuteuliwa na Jomo Kenyatta kuwa Waziri wa Kilimo, Mzungu pekee katika baraza la kwanza.

Mei 24, 1978, aliondoka Entebbe kwa ndege ndogo baada ya kuonana na Idi Amin. Ndege ililipuka juu ya vilima vya Ngong. Wote wanne waliokuwamo walifariki. Inasadikiwa bomu lilifichwa ndani ya zawadi, kichwa cha mnyama.

Sababu inayotajwa ni Julai 1976: McKenzie anadaiwa kumshawishi Kenyatta aziruhusu ndege za kijeshi za Israel, zilizowaokoa mateka Entebbe, kujaza mafuta Nairobi. Lakini mtu mwenye siri kama hiyo alikwendaje mwenyewe kwa Amin?

Kampala ilitekwa Aprili 1979. Amin alikufa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003, bila kufikishwa mahakamani.