Wasifu: Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa Kwanza Nchini Kenya

Mtahiniwa, wasifu si orodha ya tarehe. Ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine, yakionyesha kwa nini maisha hayo yanafaa kukumbukwa. Soma wasifu huu ukiwa na swali moja akilini: je, mtu anaweza kushika cheo cha pili kwa ukubwa nchini na bado akakosa nguvu?

Oginga Odinga alizaliwa mwaka wa 1911 karibu na Bondo, eneo la Nyanza. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu. Mwaka wa 1947 aliongoza kuanzishwa kwa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, kwani aliamini kuwa watu wasiojitegemea kiuchumi hawawezi kujitawala. Jina Jaramogi, linalomhusisha na Ramogi, babu wa Waluo, alipewa kwa heshima.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo hupaswi kulisahau. Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni, na kumsifu hadharani kulihitaji ujasiri. Odinga alisimama barazani akatangaza kwamba Kenyatta na wafungwa wenzake ndio waliokuwa viongozi halisi wa Waafrika. Wakoloni walighadhabika, lakini hakurudi nyuma. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka wa 1960, yeye alikuwa makamu wa rais wa chama. KANU iliposhinda uchaguzi wa 1961, ilikataa kuunda serikali kabla ya Kenyatta kuachiliwa. Kenyatta aliachiliwa mwaka huohuo.

Baada ya uhuru Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, Kenyatta alikuwa Rais na Odinga akawa Makamu wa Rais.

Zingatia hapa msingi wa cheo hicho. Makamu hakuchaguliwa na wananchi kushika wadhifa huo. Rais alimteua kutoka miongoni mwa wabunge, na angeweza kumwondoa wakati wowote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Haukupita muda kabla ya wawili hao kutofautiana. Odinga alitaka wasio na ardhi wapewe mashamba ya walowezi bila kuyanunua, na alitaka Kenya ishirikiane na nchi za Mashariki kama ilivyoshirikiana na za Magharibi. Serikali ilifuata njia nyingine. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi wa Machi 1966, wadhifa wake chamani ulivunjwa, na badala yake pakawekwa makamu wanane, kila mmoja wa eneo lake. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais. Aliyempigania Kenyatta alipokuwa gerezani sasa alikuwa mpinzani wake.

Aliongoza chama cha KPU, na mwaka wa 1967 alichapisha kitabu chake, Not Yet Uhuru. Mwaka wa 1969, baada ya ghasia za Kisumu zilizosababisha vifo, KPU ilipigwa marufuku naye akatiwa kizuizini hadi 1971. Alizuiwa kugombea ubunge kwa miaka mingi, lakini hakunyamaza. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi. Katika uchaguzi wa 1992 aliwania urais akashindwa, ila alirudi bungeni kama mbunge wa Bondo. Alifariki tarehe 20 Januari 1994.

Je, cheo alichokiacha kiliendeleaje? Joseph Murumbi alikishika kwa miezi michache mwaka wa 1966. Daniel arap Moi alikishika kuanzia 1967, akawa Rais Kenyatta alipofariki mwaka wa 1978. Baada ya uchaguzi wa 1997, Moi mwenyewe alikiacha wazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hapo ndipo udhaifu wa cheo ulipoonekana wazi: kilitegemea hiari ya mtu mmoja.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hali hiyo. Siku hizi tuna Naibu wa Rais, ambaye huchaguliwa pamoja na Rais akiwa mgombea mwenza. Rais hawezi kumfuta kazi. Bunge ndilo lenye uwezo wa kumwondoa, kwa utaratibu na sababu zilizowekwa na Katiba. Urais ukibaki wazi, Naibu huushika hadi muhula umalizike.

Sasa rudia swali letu la mwanzo. Odinga alikuwa Makamu wa Rais kwa takriban miezi kumi na sita tu, lakini alisikilizwa kwa karibu miaka arubaini. Cheo alipewa na mtu. Heshima aliichuma mwenyewe.

Maswali ya marudio
1. Eleza tofauti mbili kati ya Makamu wa Rais wa zamani na Naibu wa Rais wa sasa.
2. Mkutano wa Limuru ulimdhoofisha vipi Odinga?
3. Andika wasifu wa kiongozi mwingine aliyewahi kuwa Makamu wa Rais nchini Kenya.