Lomami-Tshibamba, mwandishi wa Ngando

Hapa Basoko hakuna mtu wa kufundishwa ngando ni nini. Anayeoga katika mto Kongo au Aruwimi anamwogopa mamba, tena amesikia hadithi za mamba aliyetumwa na mchawi. Kumbe kuna mtu aliyetoa kitabu katika hadithi za namna hiyo: Paul Lomami-Tshibamba.

Alizaliwa mwaka 1914 huko Brazzaville, ngambo ya Kinshasa, lakini baba yake alikuwa mtu wa Kasai. Alisoma seminari ya Wakatoliki katika Mayombe. Baadaye masikio yake yaliharibika, akawa kiziwi. Hakuwa padri. Akashika kazi ya kalamu huko Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo).

Mwaka 1945 aliandika katika gazeti La Voix du Congolais. Hakutukana mtu. Aliuliza tu: sisi Waafrika tuliosoma, kesho tutakuwa na nafasi gani? Wazungu hawatuhesabu kuwa wenzao, na maisha ya kijiji tumekwisha kuyaacha. Wakubwa wa serikali walikasirika kabisa. Aliitwa, akahojiwa, akapigwa fimbo. Mtu mzima, fimbo juu ya swali!

Mwingine angenyamaza. Yeye aliandika Ngando, na mwaka 1948 kitabu kikapata zawadi Bruxelles, kikachapwa kule kule. Wabelgiji walimpiga, na baada ya miaka mitatu Wabelgiji wakampa zawadi. Ndani yake mtoto Musolinga anatoroka masomo, anakwenda kuoga mtoni na wenzake, mamba anamkamata. (Wale wanaojijua wasicheke.) Baba yake Munsemvola, mfanyakazi wa mji, anamfuata mpaka kwa mizimu ya maji. Mwiko unavunjwa, nyumba inabaki na kilio. Watu wengine wanasema ni habari ya uchawi tu. Mimi sikubali: ukisoma polepole utaona pia taabu ya mtu mweusi katika mji wa wakoloni.

Zawadi haikumletea amani. Alivuka mto tena, na tangu 1950 aliongoza gazeti Liaison huko Brazzaville. Alirudi 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Vitabu vingine vilichelewa sana, kwa maana kimoja kilitoka 1972, kingine 1974. Ngemena, chenye jina la mji wa Ubangi, kilichapwa 1981 na CLE, wachapaji wa Kiprotestanti wa Yaoundé. Alikufa mwaka 1985.