Maisha ya Titus Salt, Mwenye Viwanda wa Bradford

Upande wa kaskazini wa Uingereza, katika nchi ya Yorkshire, uko mji wa Bradford, ambao zamani ulisifiwa kote kwa nguo zake za sufu. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyetajirika katika mji ule, kisha akaona ya kuwa mji uliompa mali ndio uliokuwa ukiwaua watu wake wa kazi.

Titus Salt alizaliwa tarehe 20 Septemba 1803 katika Morley, karibu na Leeds. Baba yake alihamia Bradford kufanya biashara ya sufu, na Titus akaishika kazi hiyo hiyo. Mwaka 1836 alikuta katika ghala moja ya Liverpool marobota ya sufu ya alpaka, mnyama wa milima ya Peru. Marobota yale yalikaa bila mnunuzi, maana wafumaji wengi hawakujua namna ya kuitumia sufu ile. Salt akachukua kidogo, akaijaribu kwa saburi, hata akaweza. Akafuma nguo yenye mtande wa pamba na mshindio wa alpaka, nyepesi, yenye kung'aa. Mabibi wa Uingereza wakaipenda mno, naye akawa tajiri mkubwa.

Lakini Bradford ilikuwaje? Watu walimiminika kutoka mashamba na kutoka Ireland kutafuta kazi, hata mwaka 1851 walikuwa zaidi ya 100,000. Nyumba hazikutosha, maskini wengi walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi. Moshi wa makaa ya mawe ulilifunika jua, na taka za vyoo na za viwanda zilitupwa katika kijito kilichopita katikati ya mji. Mwaka 1848 Salt alichaguliwa kuwa meya, na mwaka 1849 kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 400. Siku zile wengi walidhani kwamba maradhi haya huletwa na harufu mbaya. Leo twajua ya kuwa huletwa hasa na maji machafu. Salt alikuwa ametia katika viwanda vyake chombo cha kupunguza moshi, akawasihi wenzake wafanye vivyo hivyo. Walio wengi wakakataa.

Basi akaazimu kuhama. Alinunua ardhi nje ya mji, kando ya mto Aire, karibu na reli na mfereji, akakusanya kazi za viwanda vyake vyote katika kiwanda kimoja kikubwa. Kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku alipotimiza miaka 50. Mwanzoni wafanyakazi walikwenda kwa gari la moshi. Kisha, kwa muda wa miaka kama 20, zikajengwa nyumba zaidi ya 800 za mawe, zenye maji safi, taa za gesi na vyoo. Kanisa lilikuwa tayari mwaka 1859, na baadaye shule, hospitali, nyumba za wazee na bustani. Mji ukaitwa Saltaire, kwa jina lake na la mto.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikataza maduka ya pombe, na watu walikaa chini ya amri zake kama watoto chini ya baba. Watoto wenyewe walifanya kazi nusu ya siku na kusoma nusu, kama sheria ya nchi ilivyoruhusu.

Salt alifariki tarehe 29 Desemba 1876, na maelfu kwa maelfu walisimama njiani kumwaga. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, lakini nyumba zinakaliwa hata leo, na mwaka 2001 mji ule uliandikwa miongoni mwa urithi wa dunia.

Tumpimeje mtu huyu? Sisi twaona ya kuwa alitenda jambo ambalo wenzake wangaliweza kulitenda, wasilitende. Lakini Saltaire iliwapa nafuu watu elfu chache tu, na wale 100,000 walibaki Bradford katika moshi. Wema wa tajiri mmoja hujenga mtaa. Mji mzima haupati maji safi mpaka watu wake wote wakubaliane kuyagharimia.