Frank Hornby: Karani wa hesabu aliyewatia watoto karakanani

YEYOTE aliyekulia Eastlands miaka ile, iwe Makadara au Donholm, anayakumbuka magari ya waya. Tulikata magurudumu kutoka kwa malapa yaliyochakaa, tukaunganisha usukani na mti mrefu uliofika kifuani, tukayaendesha vumbini hadi jioni. Yalipendeza, ila yalikuwa na dosari moja. Waya ukishakunjwa kuwa lori, hubaki kuwa lori hadi ukatike.

Dosari hiyo ndiyo aliyoiondoa Frank Hornby, mtu ambaye hakuwahi kusomea uhandisi.

Hornby alizaliwa mjini Liverpool, Uingereza, mnamo Mei 15, 1863. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akawa keshia katika biashara hiyo ya familia, na mwaka wa 1887 akamwoa Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu. Babake alipofariki mwaka wa 1899 biashara ilifungwa. Hornby akaajiriwa kuwa karani wa hesabu na David Elliott, mwagizaji wa nyama.

Wakati huo huo alianza kuwaundia wanawe vitu vya kuchezea kwa vipande vya bati alivyovikata mwenyewe nyumbani. Mwanzoni kila kipande kilikuwa na kazi moja tu. Cha winchi hakikufaa darajani. Yaani alikuwa pale pale tulipokuwa sisi na nyaya zetu. Kisha akang'amua jambo linaloonekana dogo: iwapo vipande vyote vitatobolewa matundu yaliyoachana kwa nusu inchi, vitaweza kufungwa kwa bolti na nati, kufunguliwa, na kufungwa upya kuwa kitu kingine kabisa. Zaidi ya hayo, tundu lile lile la bolti laweza kushika ekseli na kuiacha izunguke, likafanya kazi ya beringi. Hapo kichezeo kikawa mashine.

Fedha hakuwa nazo. Alikopa pauni 5 kwa mwajiri wake ili kulipia hataza, aliyoiomba Januari 1901. Elliott alimpa pia chumba kitupu kando ya ofisi, wakawa washirika. Seti za kwanza zilitoka mwaka wa 1902 zikiitwa Mechanics Made Easy, zikiwa na aina 16 za vipande na maelezo ya kuunda vitu 12. Profesa Henry Selby Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, alizisifu, lakini faida haikuonekana hadi mwaka wa 1906, nayo ilikuwa kiduchu.

Mwaka wa 1907, akiwa na umri wa miaka 44 na familia ya kulisha, Hornby aliacha kazi. Alifungua karakana na kusajili jina jipya, Meccano. Kampuni ilipoundwa mwaka uliofuata, Elliott alikataa kujiunga. Sina budi kumhurumia mkopeshaji huyo aliyebaki na nyama yake, kwa kuwa mwenzake alikuja kuwa milionea.

Kiwanda kikubwa cha Binns Road kilifunguliwa mwaka wa 1914. Miongoni mwa miundo iliyosifika zaidi ilikuwa chasisi ya gari, yenye giaboksi, klachi na difu. Kijana aliyeifunga kwa mikono yake aliona kwa nini gurudumu la nje huzunguka kwa kasi zaidi gari linapokata kona. Mnamo 1934, Douglas Hartree na Arthur Porter walitumia vipande hivyo huko Manchester kuunda mashine ya kukokotoa hesabu ngumu za kisayansi.

Treni za Hornby zilianza kuuzwa mwaka wa 1920, na vigari vya Dinky mwaka wa 1934. Kati ya 1931 na 1935 alikuwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya chama cha Conservative, ingawa siasa si sababu ya yeye kukumbukwa. Alikuwa akiugua moyo na kisukari, na alifariki huko Maghull, karibu na Liverpool, mnamo Septemba 21, 1936. Mwanawe Roland ndiye aliyeshika uongozi wa kampuni.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka wa 1979. Treni zingali zinauzwa kwa jina la Hornby.