Alfred Russel Wallace: Hazina yake iliteketea baharini, akaanza upya

ALFRED Russel Wallace aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Hakuwa mtundu wala mzembe. Familia yao ilikuwa imeishiwa na pesa. Alizaliwa Januari 8, 1823, karibu na mji wa Usk, Wales, na baada ya shule akamfuata kaka yake mkubwa katika kazi ya kupima mashamba.

Kazi hiyo ilimtembeza nje kutwa nzima. Akaanza kujiuliza maua anayoyapita kila siku yanaitwaje. Akanunua kijitabu cha mimea cha bei rahisi, akawa anachuma, anakausha na kulinganisha. Baadaye, akiwa mwalimu mjini Leicester, alikutana na Henry Walter Bates, kijana mwenzake aliyependa wadudu kupindukia.

Mnamo 1848 wawili hao walifunga safari hadi Amazon, Brazil. Hawakuwa na mfadhili. Walinasa wadudu na ndege, wakawatuma London wakauzwe kwa makavazi na matajiri, na pesa hizo ndizo zilizowalisha.

Huko msituni Wallace alijifunza jambo ambalo wakusanyaji wengi walilipuuza: mahali. Wawindaji wenyeji walijua fika kwamba ukimtaka tumbili wa aina fulani, ni sharti uvuke mto, kwani ng'ambo hii hayupo. Basi akaanza kuandika kila mnyama amepatikana ukingo upi. Alichora pia miti ya jamii ya mnazi na kueleza jinsi wenyeji walivyoitumia kwa kuezeka, kusuka na kula, mambo ambayo watu wa Pwani yetu wanayaelewa vizuri.

Lakini safari hiyo ilimgharimu. Mdogo wake, Herbert, aliyemfuata huko, alifariki kwa homa ya manjano mnamo 1851. Mwaka uliofuata Wallace, akiwa amedhoofishwa na homa, akapanda meli iliyoitwa Helen kurudi nyumbani. Agosti 6, 1852, meli ikashika moto katikati ya bahari ya Atlantiki.

Hebu fikiria: jasho la miaka mingi linaungua ukitazama. Aliwahi kuokoa kisanduku kidogo cha bati kilichokuwa na michoro ya samaki na ya miti ile. Alikaa siku 10 ndani ya mashua pamoja na mabaharia, jua likiwachoma, hadi meli nyingine ilipowaokoa.

Wengi wangekoma hapo. Yeye aliandika kitabu kuhusu miti ile kikatoka 1853, na mwaka wa 1854 akaondoka tena, safari hii kwenda Singapore na visiwa vya Indonesia. Alikaa huko miaka minane na kukusanya vielelezo zaidi ya 125,000.

Hakufanya hayo peke yake. Kijana mmoja kutoka Sarawak, Ali, aliajiriwa kupika, akaishia kuwa stadi wa kuwinda na kuchuna ndege. Ali ndiye aliyempata ndege mmoja wa ajabu katika kisiwa cha Bacan mnamo 1858. Ndege huyo akapewa jina la Wallace. La Ali halikutumika.

Swali la mahali nalo lilizaa matunda. Mnamo 1856 Wallace alivuka kutoka Bali hadi Lombok, visiwa vinavyotazamana, akakuta ndege tofauti kabisa. Bali kulikuwa na vigong'ota. Lombok kulikuwa na kasuku weupe wenye vishungi. Mpaka huo baina ya wanyama wa Asia na wa Australia ungali unaitwa kwa jina lake.

Mapema 1858, akitetemeka kwa homa, aling'amua jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Akamwandikia Charles Darwin, ambaye alikuwa na wazo hilo hilo kwa miaka mingi bila kulichapisha. Maandishi yao yalisomwa pamoja London Julai 1, 1858. Wallace alikuwa mbali, wala hakuulizwa. Darwin ndiye aliyevuma zaidi, lakini Wallace hakumwekea kinyongo.

Alifariki Novemba 7, 1913, akiwa na miaka 90. Watafiti wangali wanasoma vibandiko vya vielelezo vyake, maana vinasema kila kimoja kilitoka wapi. Kijana, ukimwona ndege au mmea usioujua kijijini kwenu, anza hapo: andika tarehe na mahali, kisha waulize wenyeji wanauitaje.